Namba ya siri inayotajwa kwa sauti

Kila alipokuja mjini, mama mmoja wa upande wa Kaengesa alipitia kwangu kwanza kabla ya kuingia sokoni. Alinisalimia, akakaa kwenye benchi, akafungua fundo la kanga, akatoa kitochi chake kilichofungwa kwa raba ya baiskeli, akanikabidhi. Halafu, kabla sijamwuliza kitu, alitaja namba yake ya siri. Aliitaja kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya debe la mahindi, na wote waliokaa naye benchini walisikia. Ulikuwa mwaka aliozaliwa mwanawe wa kwanza.

Ukutani, juu kidogo ya kichwa changu, kuna tangazo lenye herufi kubwa linaloonya: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Nililibandika kwa mikono yangu. Mama huyu hasomi vizuri, kwa hiyo maneno hayo nilimwambia kwa mdomo, mara nyingi. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akanijibu: "Sasa Mwalimu, nisipokupa wewe, hela nitaitoaje?"

Swali hilo nimeishi nalo muda mrefu. Nilifundisha shule za msingi hapa Ufipa kwa zaidi ya miaka 30. Nilistaafu mwaka 2018, nikafungua kibanda cha uwakala wa pesa za simu hapa Majengo, Sumbawanga. Mkataba wa wakala unasema kazi yangu ni kupokea pesa na kutoa pesa. Kazi ninayoifanya hasa ni kuwasomea watu simu zao. Kutwa nzima nashika simu za watu, na kichwani nimebeba namba za siri ambazo sikuziomba.

Darasani nilijifunza jambo ambalo sijalisahau. Mwanafunzi mmoja akikosa swali, unamrudia mwanafunzi. Darasa zima likikosa swali lile lile, unalirudia swali. Mara nyingi utakuta umelitunga vibaya: neno limekaa mahali pasipo pake, au umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Hapa kibandani naona darasa zima likikosa swali lile lile mwaka baada ya mwaka, na bado tunawaambia wanafunzi kwamba wao ndio hawajui. Wenyewe wameshakubali. "Nisamehe Mwalimu, sisi washamba," ndivyo wanavyoanza maneno yao. Naandika leo kusema kwamba si kweli. Kosa liko kwenye swali. Skrini tunazopewa zimetungwa vibaya, na waliozitunga wana uwezo wa kuzitunga upya.

Hebu tumfuate mama wa Kaengesa hatua kwa hatua, anapotaka kutoa shilingi 20,000. Anaanza na nyota, mia moja hamsini, nyota, kisha tarakimu za kampuni yake, kisha reli. Inafunguka orodha ya huduma. Kioo cha kitochi hakizidi ukubwa wa kiberiti, kwa hiyo orodha inakatika katikati, na ili aone iliyobaki inabidi ajue kitufe cha kuishusha. Anachagua kutoa pesa. Anaulizwa atoe kwa wakala au kwa mashine ya benki. Anaombwa namba ya wakala, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Huduma hizi za nyota na reli hazidai intaneti wala simu ya gharama, na huo ndio wema wake mkubwa. Lakini mtandao unampa kila mtu muda mfupi wa kujibu. Akichelewa, kioo kinafutika na anarudi mwanzo kabisa. Macho yake ni ya miaka hamsini na kitu, na hana miwani. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni au Julai baridi na upepo wa uwanda huu vinafanya vidole kuwa vizito.

Mara ya kwanza kioo kilipofutika, alijaribu tena. Mara ya pili alijaribu tena. Mara ya tatu alinipa simu. Ndipo siri yake ilipomtoka. Hakuidharau wala hakuitupa. Aliambiwa achague kati ya siri yake na hela yake ya sukari na sabuni, akachagua kama mtu yeyote mwenye watoto angechagua.

Nina mteja mwingine, mzee mlima ulezi na maharage, ambaye alijitafutia njia. Hasomi, lakini ana kumbukumbu ambayo wanafunzi wangu wengi wangeitamani. Alijifunza kutuma pesa kama mtu anavyojua njia ya shambani kwake gizani: bonyeza hii, halafu hii, weka namba, weka kiasi, weka siri. Hakuhitaji kusoma neno hata moja. Kwa miaka kadhaa alimtumia mwanawe aliye chuoni Mbeya hela ya chakula bila kumtegemea mtu, na alijivunia hilo, na alikuwa na haki ya kujivunia.

Siku moja kampuni ikabadilisha mpangilio wa orodha. Huduma mpya ikapachikwa juu, nyingine zikasogea. Mzee akapita njia yake ya siku zote. Kioo kikamwomba namba ya simu, akaweka ya mwanawe. Kikamwomba kiasi, akaweka 30,000. Kikamwomba namba ya siri, akaweka. Ujumbe ukaja kwamba muamala umekamilika. Alikuwa amemnunulia mwanawe muda wa maongezi wa shilingi 30,000. Kijana akabaki na salio la kuzungumza mwezi mzima na hana hela ya kula.

Mzee alikuja kwangu kesho yake asubuhi. Sikumsikia akiilaumu kampuni. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, akili yangu imeanza kuchoka." Maneno hayo yaliniuma kuliko hizo hela. Akili yake ilikuwa nzima kabisa. Ukihamisha mlango wa nyumba ya mtu usiku bila kumwambia, asubuhi akijigonga ukutani, utasema hana macho? Tangu siku ile, naye hutaja namba yake ya siri kwa sauti, kama wenzake.

Kuna suala la maneno pia. Ukilipa ada au ankara kwa simu, utaombwa "namba ya kumbukumbu". Kwa mtu aliyekulia maofisini, neno hilo halina tatizo. Kwa wazee wa Ufipa, nchi iliyopokea Ukatoliki tangu enzi za Mapadri Weupe, kumbukumbu ni misa ya marehemu. Bibi mmoja nilipomsomea maneno hayo alinishika mkono akaniuliza ni nani amefariki. Ilinibidi nimtulize kwanza ndipo tuendelee kulipa.

Siku hizi programu za simu janja zinatuomba "nywila". Mimi nimefundisha Kiswahili, siwezi kuwa adui wa wanaokikuza. Wataalamu wetu wamefanya kazi ya heshima: tangu mwaka 2004, kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa lugha yetu. Lakini kutafsiri ni nusu ya safari. Watu wa nchi hii walishajichagulia "neno la siri" na "namba ya siri". Wanayataja sokoni, kwenye basi, kanisani. Neno zuri la kamusi likiwekwa mahali ambapo pana neno la watu, mtumiaji anasimama mlangoni pake akiwa na ufunguo mkononi, asijue kwamba hilo ndilo tundu lake.

Tarakimu nazo zinatuchosha bila sababu. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20. Kwenye kadi imegawanywa kwa vistari: nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa kuanzia mwaka, zinafuata tano, kisha tano, kisha mbili. Aliyeweka vistari vile alilijua jicho la binadamu. Halafu unakutana na fomu ya mtandaoni inayovikataa vistari hivyo hivyo. Inataka tarakimu 20 mfululizo, kwenye kisanduku kifupi kisichozionyesha zote, na ukikosea moja inakujibu "taarifa si sahihi" bila kusema ni ipi. Niliwahi kukaa na kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye akili nzuri, tukijaza fomu ya namna hiyo mpaka bando likaisha. Kompyuta ingeweza kuviondoa vistari yenyewe kufumba na kufumbua. Kazi ya mashine imeachiwa mtoto wa watu.

Sasa linganisha na umeme wa LUKU. Nao una tarakimu 20, lakini ujumbe unazileta zikiwa zimegawanywa nne nne. Jirani yangu ana watoto wawili, mmoja yuko darasa la tatu. Umeme ukikatika, mkubwa anasoma, mdogo anabonyeza mita: nne, pumzi, nne, pumzi, mpaka taa inawaka. Idadi ya tarakimu ni ile ile iliyomshinda kijana wa kidato cha nne. Kilichotofautiana ni nafasi nne tupu.

Liko kosa jingine, ambalo mgeni anaweza kusamehewa asilione, lakini sisi hatuna udhuru. Ni saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko: jua likichomoza ni saa 12, saa moja inafuata. Mashine zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Kila mtu anayesoma Kiswahili anaijua tofauti hiyo, na kila mtu anayetengeneza mfumo wa tiketi nchini anaijua. Hata hivyo mteja wangu mmoja, mzee mwenye mtoto wa jicho aliyepewa miadi hospitalini Mbeya, alitumiwa tiketi ya basi kwenye simu ikiwa imeandikwa 05:00. Mjukuu wake alimsomea: saa tano. Walifika stendi saa nne na nusu asubuhi, mapema kama watu wenye adabu, wakiwa na begi na chupa ya uji. Basi lilikuwa limeondoka saa 11 alfajiri. Wakati wao wanauliza, lenyewe lilishapita Tunduma.

Nauli ilipotea, na miadi ikapotea. Simlaumu mjukuu. Alisoma kilichoandikwa, kwa saa aliyofundishwa nyumbani. Wala sidai mashine zibadili hesabu zake za ndani. Nadai maneno mawili tu kando ya zile tarakimu: "saa 11 alfajiri". Kwa kukosekana maneno hayo, mzee alirudi nyumbani na giza lake.

Na kuna vidole. Kuelekea mwaka 2020 nchi nzima ilikuwa ikisajili laini za simu kwa alama za vidole. Mwisho uliwekwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Desemba na Januari huku ni masika. Watu waliacha mashamba wakaja kupanga foleni. Nilikuwa nimekaa karibu na kile kifaa cha kusomea vidole kwa siku nyingi, nikisaidia. Mkulima wa Ufipa tangu zamani hufukia majani ndani ya matuta ya duara tunayoyaita ntumba, na kazi hiyo ni ya jembe la mkono. Mpini wa jembe unalainisha ncha za vidole kama mto unavyolainisha jiwe.

Mwanamke mmoja aliweka kidole, kifaa kikakataa. Tukakifuta kwa kitambaa chenye maji. Kikakataa. Tukapaka mafuta ya mgando. Tukajaribu dole gumba, tukajaribu mkono wa kushoto, tukajaribu kidole baada ya kidole mpaka vikaisha. Kila mara kioo kiliandika "jaribu tena", na hakikutaja njia nyingine yoyote. Mwisho aliviinua vidole vyake karibu na macho, akavitazama kama mtu aliyeambiwa si vyake. Sikuwa na neno la kumwambia. Mahindi yanayojaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hapa Rukwa yanatoka kwenye vidole kama vile. Kifaa kinachoshindwa kuvisoma hakijamaliza kutengenezwa, hata kama kimeshauzwa.

Je, inawezekana kufanya vizuri zaidi? Inawezekana, na ushahidi uko ndani ya huduma hizi hizi. Mpwa wangu anayesomea kompyuta Dodoma alinisimulia habari za M-Pesa ilivyozaliwa, nami nikaitafuta nikaisoma mwenyewe. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom waliijaribu nchini Kenya, Nairobi na Thika, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho yao kwa simu. Waliosimamia jaribio, akiwemo mtaalamu kutoka Uingereza aitwaye Susie Lonie, walifuatilia kwa karibu watu wanavyoitumia. Wakaona jambo ambalo hawakulipanga: watu walikuwa wanatumiana hela wao kwa wao, na kumtumia ndugu aliye mbali. Mambo ya marejesho yakawekwa kando. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, wito wake ulikuwa mmoja tu, tuma pesa nyumbani, na kila mtu aliuelewa. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania.

Nimeisimulia habari hiyo kwa sababu inabeba hoja yangu yote. Urahisi wa kutumia ulitoka kwa mtu aliyekubali kumtazama mtumiaji na kuuacha mpango wake mwenyewe. Huduma iliyozaliwa kwa kuwatazama wananchi haistahili kukua bila kuwatazama. Tangu nifungue kibanda hiki nimetembelewa na maofisa wa mauzo, wakaguzi wa mabango, na vijana wa kugawa fulana. Sijawahi kutembelewa na mtu hata mmoja anayetengeneza orodha ile inayofunguka baada ya reli.

Nitaambiwa dawa ni elimu, watu wafundishwe. Elimu ndiyo kazi niliyoipa maisha yangu, siwezi kuipuuza. Lakini kisima hakichimbwi kwa sharti kwamba mchotaji awe na mikono mirefu. Tunachimba, tunaona mtoto hafiki, tunaweka kamba. Mama wa Kaengesa analima, anauza, anasomesha watoto, anajua bei ya debe vijiji vitatu mbele na vitatu nyuma. Kumwambia kwamba hawezi kupata hela yake mwenyewe mpaka asome upya ni kumdai ada asiyodaiwa.

Nitaambiwa pia kwamba simu janja zinaenea na matatizo haya yataondoka. Simu janja zimefika, naziona kila siku, na zimekuja na mambo yale yale kwa sura nyingine: herufi za kijivu kwenye kioo cheupe ambazo juani hazisomeki, vialama visivyo na neno, masharti ya kurasa nyingi kwa Kiingereza yenye kitufe kimoja cha kukubali. Wenye simu janja nao wananikabidhi simu. Tofauti ni kwamba simu yenyewe ni ghali zaidi.

Na asije mtu akasema watu wa huku hawana kichwa cha ufundi. Mababu wa Wafipa waliyeyusha chuma. Mabaki ya matanuru yao, malungu, bado yamesimama hapa na pale uwandani. Yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, marefu kupita kimo cha mtu, na chini yakawekwa matundu ili hewa ijivute yenyewe kwa nguvu ya moto, bila watu kukesha wakivukuta. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu kuyaona, na nilikuwa nawaambia watazame jambo moja: kazi nzito imebebwa na chombo, mtu amepumzishwa. Waliolijenga tanuru ndio waliolitumia, na walilijenga kwa upepo na udongo wa hapa hapa. Hicho ndicho kipimo ninachokiomba kwa skrini zetu.

Kwa hiyo nina maombi, nayo ni ya watu wanaoweza kuyatekeleza. Kampuni za simu, msihamishe huduma zilizozoeleka. Jambo jipya liwekeni mwisho wa orodha, na kama hamna budi kubadilisha, tangazeni redioni wiki nzima kabla. Mnaotengeneza fomu za mtandaoni, gawanyeni tarakimu, pokeeni vistari, onyesheni kosa liko wapi. Wenye tiketi na miadi, andikeni saa kama tunavyoitaja. Ujumbe wa kushindwa useme kwanza kitu kimoja ambacho kila mtu anataka kujua: hela imetoka au haijatoka. Nimewaona watu wakilipa mara mbili kwa sababu waliambiwa wajaribu tena baadaye, na hakuna aliyewaambia kama mara ya kwanza ilipita. Pale mashine inaposhindwa kumsoma mtu, iwepo njia ya pili, iandikwe hapo hapo kwenye kioo. Na asiyesoma apewe njia ya kusikiliza maelekezo kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida, na muda wa kutosha wa kujibu.

Mamlaka ya Mawasiliano na Benki Kuu wanazo nguvu za kusimamia huduma hizi. Naomba liwepo sharti moja: kabla huduma haijaruhusiwa kwenda kwa wananchi, ijaribiwe na wananchi wasioizoea, mbali na Dar es Salaam, kwa simu za bei ndogo, pasipo mtu wa kuwashikia mkono. Mtunzi wa mtihani akae pembeni atazame. Asiulize "je, umeipenda?" Watu wetu wana adabu, watamjibu wameipenda. Atazame vidole. Atazame pale vinaposimama, vinaporudi nyuma, na pale mtu anapoinua macho kutafuta wa kumsaidia. Benchi langu lipo, nafasi haikosekani.

Nami sikukaa kusubiri. Mwezi uliopita nilikata kipande cha boksi la madaftari, nikamchorea mama wa Kaengesa vioo vya simu kwa mfuatano, kila hatua na kitufe chake cha kubonyeza. Mahali pa namba ya wakala nilichora kibanda. Mahali pa kiasi nilichora noti. Mahali pa namba ya siri nilichora kufuli. Tulifanya mazoezi pamoja, kidole chake kikiwa juu ya vitufe na changu kikiwa mbali. Jumamosi iliyofuata alikuja akakaa mahali pake pa siku zote. Nilinyoosha mkono kupokea simu kwa mazoea, hakunipa. Aliweka kile kipande cha boksi pajani, akaanza. Kioo kilifutika mara moja, akaanza tena. Alipofika kwenye kufuli aliinua macho, akaniona namtazama, akanigeuzia mgongo.

Nilisikia furaha ile niliyokuwa nikiisikia mtoto anapomaliza kusoma sentensi yake ya kwanza bila kusaidiwa. Baadaye alibadilisha namba yake ya siri. Mpya siijui, na benchi zima haliijui.

Wengine wameanza kuniomba kadi kama ile. Nazichora jioni nikishafunga. Lakini zote nazichora kwa penseli, kwa sababu sijui ni usiku gani orodha itahamishwa tena. Ninyi mnaoshika mpangilio wa skrini hizi, nipeni sababu ya kuzichora kwa wino.